Ukali wa Baba kwa Kiingereza

Kiswahili kilinidekeza. Nilipolijua neno "kali" nilidhani nimemaliza kazi. Kisu kikali, jua kali, mbwa mkali, dawa kali, mwalimu mkali, ugoro mkali wa nyanya yangu: neno moja tu, linazunguka kijiji kizima na kurudi nyumbani kabla chakula hakijaiva. Kisha baba akanipeleka sekondari, mbali, upande wa pili wa Kisumu, nikawakuta Waingereza wamelichukua neno hilo hilo wakalikata vipande kama nyama ya sherehe. Kila kipande kina mwenyewe, na ukimpa mtu kipande cha jirani yake, watu wanakutazama vibaya.

Mimi niliwatazamisha watu vibaya kwa muda mrefu. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa mtu wa kando ya ziwa, mrefu, suruali yake imepigwa pasi mpaka ungedhani inaweza kusimama darasani peke yake na kufundisha. Siku moja alituambia tuandike insha juu ya nyumbani. Kwangu mimi hiyo haikuwa kazi, ilikuwa likizo. Niliandika kurasa na kurasa, na kwa kuwa ndiyo kwanza nimelijua neno "harsh", nikalitumia kama chumvi. Mvua ya mawe ya kwetu ilikuwa harsh. Jiwe la kusagia wimbi lilikuwa harsh. Mboga zilikuwa harsh, na mama alikuwa harsh kila Ijumaa.

Mwalimu aliisoma mbele ya darasa, polepole, kama anayesoma habari za msiba. Alipomaliza akaikunja.

"Ninyi wenzake," akasema, "likizo ikifika mzuieni huyu asirudi kwao. Kwa jinsi alivyopaeleza, watamla."

Walicheka mpaka kengele. Mwalimu akaniita kando, na hapo akanipa somo ambalo mpaka leo nalitumia. Alisema nisimletee tena neno ambalo sijalitafutia kitu. Kama ni neno la ukali, nikamtafute mwenye ukali wa namna ile ile, nimpe, nione kama linamkaa. Likimbana au likimpwaya, nilivue.

Wenzangu walijifunza Kiingereza kwa kutamani kazi. Mimi nilijifunza kwa kutamani kwetu. Mwili ulikuwa bwenini, lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimeketi jikoni kwa mama, upande wa Nyamira, kwenye mgongo wa kilima, migomba nyuma ya nyumba na mto huko chini. Kwa hiyo kila neno nililopewa nilikwenda nalo huko. "Rough" nikalipa jiwe la kusagia la nyanya, lililokuwa likituchubua vidole. "Coarse" nikaupa unga unaotoka kwenye jiwe hilo mtu akisaga kwa haraka, kama dada yangu mdogo alivyosaga siku zote, maana kitabu kilikuwa kikimngoja. "Bitter" nikaipa chinsaga, mboga yetu ya majani, kabla haijalala chunguni na maziwa ikatulia. "Severe" ilikwenda kwa mvua ya mawe, ile ya alasiri inayoiacha migomba kama nguo iliyoraruliwa na mbwa. "Harsh" yenyewe niliiondoa kwa wote niliokuwa nimewasingizia nikaupa ugoro wa nyanya, kwa sababu ugoro ule uliingia puani bila hodi na haukutaka kujua kama wewe ni mzima au mgonjwa.

"Strict" nikampa mama. Sisi tulikuwa Wasabato, wote isipokuwa nyanya, na Ijumaa maji, kuni na chakula vilitakiwa kuwa ndani kabla jua halijatua. Likishatua, kama umesahau kijiko mtoni, kitalala huko na kitashinda huko, na wewe utakula kwa vidole huku ukikiombea. Lakini mama hakukasirika. Alishika kanuni tu, kama mtu anavyoshika mwavuli. Hiyo ndiyo strict, na ilimkaa vizuri sana.

Baba nilimwacha bila neno, na si kwa kusahau.

Kwetu kuna kitu kiitwacho chinsoni. Ni heshima, ni haya, ni ukuta usioonekana kati ya mtu na wazazi wake akishatoka utotoni. Mwana mkubwa hamkodolei baba macho, hafanyi mzaha mbele yake, hazungumzi naye mambo ya kuoa wala kuolewa, na hawezi, hata kwa bahati mbaya, kusimama mbele ya watu akaeleza baba yake ni mtu wa namna gani. Ni kama kumvua nguo. Basi hata huko mbali, kichwani mwangu tu, nilipojaribu kumvika baba neno nilijikuta nimeinamisha macho. Nilijaribu "stern", kwa ajili ya uso wake, maana uso wa baba haukuwahi kutangulia kucheka. Lakini hilo lilifika shingoni likaishia hapo. Nilijaribu "strict", nikamkumbuka akinifanya nifukie mashimo ya kahawa niliyoyachimba na kuyachimba upya kwa sababu mstari ulikwenda kulia kidogo. Karibu limkae, nikaona aibu, nikaliondoa. Nikamwacha hivyo hivyo, baba asiye na neno, nikaendelea na mitihani.

Nilipomaliza sekondari, ukoo mzima ulijua nitakwenda wapi isipokuwa mimi. Amu mmoja alisema reli ya Kisumu. Mwingine alisema Nairobi, kwenye ofisi zenye ngazi. Mimi nilirudi nyumbani, nikaweka sanduku langu katika esaiga, ile nyumba ya vijana wasiooa, nikaenda kuketi jikoni kwa nyanya, na sikuondoka.

Nyanya ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kunisema, kwa sababu kwetu ukuta ule haupo kati ya mtu na bibi yake. Kwa bibi mnarushiana maneno mpaka wapita njia wanasimama. Aliniita mume wangu tangu nilipozaliwa.

"Watoto wa wenzangu wamesoma wakawa makarani," aliwaambia wageni wake. "Mume wangu amesoma akawa paka. Ukitaka kufagia jiko, kwanza umwinue."

"Paka anakulinda na panya, nyanya."

"Panya gani? Panya wenyewe wanakuonea huruma."

Sasa nimweleze dada yangu, maana kisa hiki ni chake. Yeye alikuwa kinyume changu. Nyumbani palimtosha mpaka saa tatu asubuhi tu. Alikuwa amefaulu mtihani wake wa shule ya karibu, na alichotaka duniani ni nafasi katika shule ya wasichana ya bweni ya misheni, iliyokuwa mwendo wa saa mbili tatu kwa miguu, kupita Keumbu. Nafasi ilikuwa imebaki moja. Na memsahibu aliyeisimamia shule ile alikuwa na desturi yake: hakumpokea msichana kabla ya kwenda mwenyewe kumwona baba yake.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo kila mtu kwetu alilijua na hakuna aliyelisema, isipokuwa nyanya, aliyelisema kila siku. Kwetu ng'ombe wanaoletwa kumwoa dada ndio kaka anaowatumia kuoa. Mimi na huyu dada tulikuwa tumefungwa pamoja namna hiyo. Akiolewa mapema, nami naoa mapema. Akienda bweni, ng'ombe wangu wanaenda naye, kwa kusema hivyo, wanakaa huko mpaka amalize.

"Mume wangu," nyanya aliniambia asubuhi ya Jumapili memsahibu alipotarajiwa, "leo wewe ndiye mdomo wa mgeni. Neno moja tu bovu kuhusu shule na baba yako, na mwakani una mke. Neno moja zuri, na utaendelea kupikiwa na mimi, na mimi nimechoka."

"Nitasema ukweli tu, nyanya."

"Ukweli huwa haupiki," akasema, akavuta ugoro.

Nilikwenda kumngoja memsahibu barabarani. Alikuja na baiskeli, akiisukuma, kwa sababu kilima chetu hakipandwi na baiskeli hata iwe ya mfalme. Alikuwa mwanamke wa makamo, kofia pana, viatu vya kazi. Tukapanda pamoja, nikimsukumia baiskeli, na alipojua kwamba Kiingereza changu kinaenda, alinieleza shida yake bila kuzunguka. Muhula uliopita wasichana wawili walichukuliwa na baba zao katikati ya masomo wakaozwe, mmoja akiwa na chaki bado vidoleni. Walikuja wanaume na fimbo, wakamkuta yeye na mpishi.

"Baba aliye strict simwogopi," akasema. "Baba strict humleta mtoto siku ya kufungua, na karo, na blanketi. Lakini baba aliye harsh, anayeamka siku moja akaamua tu, huyo siwezi. Kama baba yako ni wa namna hiyo, niambie kabla sijafika, nitampa mtoto mwingine nafasi na hatutasumbuana."

Nikamwambia ni vizuri amwone mwenyewe. Lilikuwa jibu la mwoga, lakini pia lilikuwa jibu la mtu anayesukuma baiskeli kilimani.

Tulimkuta baba amekwisha kuketi kwenye kigoda chake chini ya ukingo wa paa, amegeuka robo, akitazama kahawa. Hiyo kwetu ni adabu. Mtu hamtazami mwanamke mgeni usoni kama anamnunua. Lakini niliona memsahibu anaitazama ile robo ya kugeuka, na niliona ameitia kwenye hesabu zake. Alipewa kiti pekee tulichokuwa nacho. Nyanya alikaa kwenye ngozi yake karibu na mlango. Mama alikuwa jikoni, na dada yangu alisimama kwenye mlango wa jiko akijifanya anapepeta wimbi. Ungo ule haukuwa na kitu. Mimi nilisimama katikati, kwa sababu mkalimani hana mahali pake.

Tukasalimiana vizuri. Halafu memsahibu akafanya jambo ambalo sikulitarajia: akaamua kuzungumza na baba moja kwa moja, kwa Kiswahili.

Hapa yanahitajika maelezo. Baba alikuwa na Kiswahili alichokipata ujanani kwenye mashamba ya chai kule Kericho, na kilikuwa Kiswahili cha kupokea amri. Memsahibu alikuwa na Kiswahili cha jikoni mwake, nacho kilikuwa cha kutoa amri. Kwa hiyo walikuwa na lugha moja, lakini kila mmoja ana upande wake wa mlango.

Memsahibu akainama mbele kwa upole kabisa akamwuliza, "Wewe kali?"

Baba akanyoosha mgongo. Usisahau kwamba kwetu baba kuulizwa kama ni mkali si tusi. Ni kama kuulizwa kama boma lako lina ua. Boma lisilo na mtu mkali, mbuzi wanaingia, wezi wanaingia, watoto wanakuwa makarani wa jikoni kama mimi. Alifurahi kwamba mgeni ametambua. Akamjibu kwa lile neno la Kericho ambalo lilikuwa limemwokoa mara nyingi.

"Ndiyo," akasema. Na ili asije akafikiriwa ni mkali wa kiasi tu, akaongeza, "Sana."

Ungo wa dada yangu ulisimama.

Memsahibu akanigeukia. Uso wake ulikuwa bado wa upole, lakini upole wa mtu anayekaribia kuaga. "Kali ya namna gani?" akaniuliza kwa Kiingereza. "Strict, au harsh?"

Haya sasa. Niliwahi kufanya mtihani wa Kiingereza mbele ya mkaguzi mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mmoja mfukoni, na sikutoka jasho. Hapo nilitoka. Maneno yote niliyokuwa nimeyapeleka nyumbani miaka ile sasa yalikuwa nyumbani kweli, yamenizunguka, kila moja limekaa kwenye kitu chake, na lile lililotakiwa ndilo sikuwa nimethubutu kulitoa. Baba alikuwa hapo, hatua chache. Kumweleza mbele yake, hata kwa lugha asiyoijua, kulinifunga ulimi kama vile ningeambiwa nimkalie begani. Na huko pembeni ng'ombe wangu, sitakuficha, nao walikuwa wamesimama wakinitazama.

Nilifanya kile ambacho mtu wa kwetu hufanya ukuta ukimzuia. Nikapitia kwa bibi.

"Nyanya," nikasema kwa Kigusii, nikitazama chini, "mgeni anauliza ukali wa mwenye boma ni wa namna gani."

"Wa namna gani," nyanya akarudia, kama mtu aliyesubiri swali hilo mwaka mzima. Akauweka ugoro wake pembeni. "Mwambie ni mbaya."

"Nyanya."

"Mwambie mwanangu ana moyo mgumu. Si mimi niliyemzaa? Namjua. Mwambie wakati wa kuvuna wimbi walikuja watu kutoka Magwagwa kwa ajili ya msichana huyu hapa. Watu wazuri, wamevaa vizuri, wanasema kwa adabu, na ng'ombe wao tumesikia ni wa matumbo mapana. Wakaniletea na mimi ugoro wangu, mkubwa hivi. Unajua huyu aliwafanyia nini?"

Nilikuwa sijui. Mimi niliyekaa nyumbani siku zote zile, niliyejigamba kwamba hakuna kuku anayetaga bila mimi kusikia, nilikuwa sijui. Siku ile, nikaja kukumbuka, nilikuwa nimelala.

"Hakuwapa hata kigoda," nyanya akaendelea. "Wamesimama hapo, hapo uliposimama. Akawaambia msichana yuko shuleni. Wakasema sawa, atatoka lini? Akawaambia shule yenyewe hajamaliza kuitafuta. Wakasema, mzee, tufikirie. Akasema amefikiria, waende salama, mvua inakuja. Na mvua haikuja. Jua lilikuwa linawaka. Na ugoro wangu wakarudi nao."

Akautazama ugoro wake pale pembeni, maana hapo ndipo palipomuuma.

"Huo ndio ukali wake. Sasa mimi nitaionja lini pombe ya harusi? Na wewe, mume wangu, utaota mizizi jikoni. Mwambie. Usipunguze kitu."

Baba hakugeuka. Alikuwa akiitazama kahawa kama vile haijawahi kuonekana kahawa.

"Amesema nini?" memsahibu akauliza.

Nikamtazama dada yangu. Kiingereza chake wakati ule kilikuwa kidogo, lakini maneno mawili yale aliyajua, kwa sababu nilikuwa nimemweleza tangu asubuhi, kwa kujidai, tofauti ya moja na jingine. Alikuwa ameushikilia ungo kifuani. Hakunifanyia ishara yoyote. Ningependa kusema alinisihi kwa macho, lakini ukweli ni kwamba alinitazama kama mtu anavyomtazama ng'ombe aliyesimama kwenye kijia chembamba: utapita huku au kule?

Neno la nyanya lilikuwa harsh. Hakukuwa na la kubishania hapo. Bibi wa watu alikuwa amelalamika kwa moyo wake wote, na kama ningepeleka neno lake lilivyo, nafasi ingepanda baiskeli na kuteremka kilima. Kama ningelibadilisha nikasema strict, ningekuwa nimemtia nyanya mdomoni kitu ambacho hakukitafuna. Na mimi, ambaye ng'ombe wangu walifika mpaka uani kwetu wakarudishwa nikiwa usingizini, ningepaswa kuwa wa kwanza kusema harsh, na kwa sauti.

Nikaamua neno nisilipeleke kabisa. Nikapeleka wale watu wa Magwagwa. Nikamwambia memsahibu kila kitu kilivyosemwa: wimbi, nguo nzuri, ng'ombe wa matumbo mapana, kigoda kisichotolewa, mvua isiyokuja, na ugoro. Nilipofika kwenye mume wangu utaota mizizi jikoni, akaniuliza mume wa nani, ikabidi nieleze na hilo, na nikaeleza pia kwamba ng'ombe wale wangekuwa wangu wa kuolea. Kwa Kiingereza jambo hilo linachukua muda mrefu.

Memsahibu alisikiliza bila kunikatiza. "Ng'ombe walikuwa tayari," akasema, "naye akawarudisha?"

"Ndiyo."

"Na hakukuuliza wewe? Si ni wako?"

"Haniulizi, memsahibu. Mimi ni mwanawe."

Akamtazama baba, ile robo aliyogeuziwa, kwa muda. Kisha akatazama kahawa, kama kwamba huko ndiko mazungumzo yalikokuwa yakifanyika, na sasa amejua aelekee wapi.

"Hilo si strict," akasema, "wala si harsh. Nadhani neno ni firm."

Firm. Nililijua. Nilikuwa nimelisoma, nimelitumia katika mtihani, nimepata alama. Ni neno la nguzo iliyosimamishwa ikashika, ukiisukuma inakurudishia bega lako. Lakini sikuwa nimempa mtu. Nilikuwa nimekwenda nyumba nzima nikigawa maneno kwa mawe na mboga, na hili nikalipita, kwa sababu miaka yote nilimtafutia baba neno kwenye uso wake na sauti yake, na sikuwahi kumwona siku anamzuia mtu mlangoni. Nilikuwa nimelala.

"Mgeni amesema nini?" nyanya akauliza.

"Anasema si mkali wa ubaya. Anasema ni mtu imara."

"Ulimwambia yote niliyosema?"

"Yote, nyanya."

"Na ugoro?"

"Na ugoro."

Nyanya akamtazama memsahibu kwa mashaka makubwa, kama mtu aliyeshtaki mahakamani na kuona mshtakiwa anapewa zawadi.

Baba akakohoa. Akasema, akiwaambia miti ya kahawa, "Aulizwe shule inafunguliwa siku gani." Nikauliza. Memsahibu akataja siku. Baba akasema, "Aulizwe ni asubuhi au mchana." Memsahibu akacheka, mara ya kwanza tangu afike, akasema asubuhi. Hapo tena ungo wa dada yangu ulianguka, ukaviringika mpaka miguuni kwa nyanya, na dada yangu hakutoka kuuokota. Alikuwa ameingia jikoni kwa mama, na kutoka humo hatukusikia kilio wala kicheko, ila sauti ya watu wawili wanaojitahidi wasisikike.

Siku ya kufungua, baba alimpeleka mwenyewe. Waliondoka kabla ya jua, yeye mbele na sanduku la dada yangu begani, dada nyuma na blanketi. Dada alinisimulia baadaye kwamba njia nzima hawakuzungumza. Walipita Keumbu siku ya soko, katikati ya watu, na watu wa rika la baba wakamwita kutoka kwenye mikungu ya ndizi: je, siku hizi amepata kazi ya kubeba mizigo, na tajiri wake ni msichana yule? Baba alihamisha sanduku kutoka bega moja hadi jingine, akaendelea. Walifika mapema mno, lango lilikuwa halijafunguliwa, wakasimama nje wawili, kila mmoja akitazama upande wake.

Jioni baba alirudi, akaketi kwenye kigoda. Mimi nilikuwa kwa nyanya, kama kawaida, miguu karibu na moto.

"Mama," baba alimwambia nyanya akiwa nje, kwa sauti ya kutosha kunifikia, "yule mume wako. Mtungi wa dada yake uko nyuma ya nyumba."

Nyanya alicheka mpaka akashikilia ukuta. Nilidhani ni mzaha, halafu nikakumbuka kwamba baba hafanyi mzaha, hasa na mimi. Mama alikuwa na shamba na kupika. Maji yalikuwa kazi ya dada. Dada hayupo. Mke sina. Hesabu hiyo hata bila sekondari mtu angeipata.

Mtungi wenyewe niliukataa. Mwanamume wa kwetu na mtungi kichwani, hata baba asingefika huko. Nikatafuta debe, nikalitia begani, nikashuka mtoni saa ya jioni, nikidhani nitawahi kabla ya wasichana. Walikuwepo wote. Walinipisha kwa heshima kubwa iliyonitisha, nikainama nikachota. Nilikuwa nimekwisha kulipandisha debe begani, maji yananiingia shingoni, ndipo mmoja wao aliponiita kwa upole.

"Bwana msomi, samahani. Hao ng'ombe wako wako darasa la ngapi?"

Walicheka mpaka ng'ambo ya mto wakajibiwa. Swali hilo niliulizwa jioni hiyo, na kesho yake, na muhula mzima, na nilikuwa nikipanda kilima bila kujibu, maji yakimwagika nyuma yangu kama mtu anayetaka kufuatwa. Mpaka likizo ya mwisho wa mwaka, dada alipokuja na kadi ya mitihani, akaiweka kwenye paja la baba, na baba akaishika juu chini muda mrefu kabla ya kumpa nyanya, aliyeishika vile vile. Jioni ile nilishuka mtoni nikipiga mluzi. Yule msichana akaanza tena, bwana msomi, ng'ombe wako, nami nikatua debe chini, nikamwambia wamepanda darasa, na wamekuwa wa pili.